Mkono wa Aniello

Castellammare, Jumatatu, 12 Mei

Kwako kaka yangu Catello,

Nakusalimu kwa mapenzi ya tumbo moja. Natumaini kifua kimeacha kukubana na kwamba huko gerezani walikuruhusu kulipokea lile sweta la kijivu. Sisi huku tunapumua. Mkono wa mama bado umo kwenye plasta, lakini vidole vinacheza, na ulimi wake, kama unavyoujua, haukuvunjika. Mimi tumbo limetulia, damu imerudi, na daktari anasema nimeongezeka kilo tatu. Namshukuru Mungu kwa hayo, ingawa sikustahili.

Najua habari za huku zinakufikia nusunusu, kila mtu akizitia chumvi yake. Leo nataka uzipate zote kutoka kwangu, kwa mpangilio wake. Nakuomba usiiache barua hii katikati, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Nianze na mama. Wamekuambia Liborio, mtoto wa Aniello mpika piza, alikuja kutupiga. Ukweli ni kwamba alikuja kuvunja, si kupiga. Ilikuwa Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nami nilikuwa natandika vitanda. Nilisikia chuma kikilia uani: alikuwa anaipasua pikipiki yako kwa nondo, taa, tangi, kila kitu, halafu akageukia madirisha. Alikuwa analia huku anapiga. Alikuwa anapaza sauti mtaa mzima usikie, akinitaka mimi, "Mtoeni huyo mla mchele aje aone baba yangu anavyolishwa kwa kijiko." Mama akatoka na kikaango cha chuma akampiga nacho begani. Liborio akamsukuma, sidhani kama alikusudia, mama akaangukia ngazi na mkono wake ukavunjika kwa mlio niliousikia mpaka ndani. Aliposikia mlio ule yeye mwenyewe akaitupa nondo akakimbia.

Siku mbili baadaye nikasikia kwamba umetuma neno kutoka humo ndani. Totonno na wenzako wa uwanja wa kujengea meli wangemngoja Liborio Jumamosi hii inayokuja, wamvunje miguu yote miwili. Nilipolisikia hilo niliacha kula. Ndiyo sababu ya barua hii.

Kaka, ngoja nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na sita daktari aliposema ngano na tumbo langu ni maadui wa kufa, kwamba chembe moja ya gluteni, ile protini ya ngano, ikiingia, mwili wangu unajipiga wenyewe kwa ndani. Mama alilia. Wewe hukulia. Uliuchukua ubao wa kukandia wa babu ukaupasua kuni, ukanunua mpya, na kisu changu ukakizungushia utepe mwekundu ili asikiguse mtu. Kila Jumamosi ulitoka kazini na mikono iliyochubuliwa na chuma, ukakanda unga wa mchele na wanga wa mahindi, unga usiovutika, unaokatika kama udongo mkavu. Uliusukuma kwa vidole vilivyopakwa mafuta, ukiutukana matusi ya bandarini mpaka ukubali. Na piza ile ilikuwa tamu, kaka, usifikiri nilikuwa nakufariji. Chini ilikuwa ngumu kidogo, lakini jibini yake na mrehani uliouchuma dirishani, sijaona mfano wake.

Lakini mapenzi yako yalikuwa na ngumi ndani yake. Binamu yetu Sasà alipochovya kisu cha mkate kwenye bakuli langu la nyanya, ulimpiga kofi akaenda chini pamoja na kiti. Kule Vico, mhudumu wa mgahawa aliposema kwa kejeli kwamba chembe moja haiui mtu, ulimpasulia sahani kichwani, tukatoka mbio damu ikimtiririka usoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijiona binti wa mfalme. Sikukuambia hata mara moja uache.

Baada ya hapo mlango wa kula nje ulifungwa, mpaka Aniello alipoufungua kwenye mgahawa wake wa piza. Unakumbuka alivyohangaika. Alijenga tanuri dogo la pili kwenye chumba cha ng'ambo ya ua, ili unga wa ngano usipeperuke ukafika huko. Alibadilisha aproni, akanawa mpaka viwikoni, na mkewe Bi Nunzia ndiye pekee aliyeruhusiwa kubeba sahani yangu. Miaka miwili alijaribu, akatupa, akajaribu tena. Siku aliyoniletea ile ya kwanza iliyofaa, laini katikati, kingo zimevimba na zina madoa meusi ya moto, nililia mbele ya wateja. Aniello alikaa kando yangu akaniambia nile polepole, hakuna atakayeninyang'anya.

Sasa tufike kwenye Jumapili ile ya Februari. Ulitualika sote kwake jioni kusherehekea uchumba wangu na Ruggero. Uliagiza kila mtu ale piza isiyo na ngano, mama, wewe, Ruggero, ili nisionekane wa peke yangu. Tulirudi nyumbani mapema. Nilianza kutapika kabla sijavua koti. Nilitapika mpaka ikatoka damu, nikaangukia sinki na paji la uso likapasuka. Wewe ndiye uliyevunja mlango wa bafu ukanikuta. Hospitali, nikiwa na dripu mkononi na nyuzi saba usoni, uliinama ukaniuliza nimekula nini na wapi. Nilikujibu kwamba nimekula kwa Aniello, na kwamba sijala pengine popote.

Yaliyofuata wakili wako anasema huyakumbuki sawasawa, kwa hiyo nitakuandikia kama nilivyoambiwa na walioona.

Uliingia kwake kesho yake karibu na saa sita mchana. Aniello alikuwa anapanga kuni. Hukumsalimu. Ulimshika kisogo ukamgonga uso kwenye meza ya marumaru, mara mbili, meno yake yakabaki kwenye unga. Wanasema alijitahidi kusema, damu imemjaa kinywani, "Catè, nisikilize." Ukamjibu, "Dada yangu alikusikiliza." Halafu ukamburuta mpaka mdomo wa tanuri kubwa, ukaushika mkono wake wa kulia, ukaulaza juu ya matofali ya ndani, ukaukandamiza kwa mkono wako. Uliungua na wewe, kovu unalo, lakini hukuachia. Bi Nunzia alikupiga mgongoni kwa beleshi la piza mpaka mpini ukakatika. Ilibidi wanaume wanne wakung'oe. Bi Nunzia amechoma nguo alizovaa siku ile, maana anasema harufu haikutoka.

Madaktari walimkata Aniello vidole viwili na nusu ya kiganja. Wiki zote za hospitali alikuwa anarudia neno moja tu kwa kila aliyemtembelea: unga wangu ni safi. Wakaguzi wakaja wakachukua unga wake, mchuzi wake, hata vumbi la darini, wakapima, hawakukuta kitu. Watu wakasema ameshaubadilisha unga. Wakaacha kwenda. Mtu mmoja aliandika mlangoni kwake kwa rangi: MUUAJI. Nilikuwa napita pale kila siku nikienda kazini. Nilikuwa nalisoma neno lile na kuendelea na safari.

Kaka, Aniello hakunipa ngano. Niliila mwenyewe.

Mchana wa Jumapili ileile nilikuwa nimealikwa kwa mama yake Ruggero. Unamjua. Alikuwa ameshasema mbele ya shangazi wote wa Ruggero, "Nilitaka mkwe, nimeletewa mgonjwa." Siku ile aliweka mezani sinia ya piza, akanikatia kipande, akauliza kama wajukuu wake nao watalishwa kama ndege. Wote waliniangalia. Ruggero aliangalia sahani yake. Nikakichukua kile kipande nikala, ili yule mwanamke anyamaze.

Hicho cha kwanza nilikula kwa ajili yake. Cha pili na cha tatu nilikula kwa ajili yangu. Sitakuficha hilo. Miaka kumi na moja sikuwa nimeumega unga unaovutika. Nilikula nikiwa nimefumba macho. Na jioni, tulipoketi kwa Aniello, tumbo lilikuwa limeshaanza kunikata kabla hajaleta sahani. Nilijua. Nilikula piza yake nikatabasamu, kwa sababu ningekataa ungeuliza kwa nini.

Pale hospitali niliogopa. Niliogopa ungekwenda kumpasua mama yake Ruggero, au Ruggero mwenyewe. Nikatafuta jina la mtu ambaye nilidhani hutamgusa. Niliamini unampenda Aniello mno kumpiga. Hivyo ndivyo nilivyomtoa kafara. Ruggero alikuwa amesimama mlangoni na alisikia nilichosema, naye akanyamaza. Ulipokamatwa nilimwambia twende tukaseme kweli. Akanijibu kwamba mkono wa Aniello hautaota tena, sasa kuna faida gani kumwingiza mama yake. Nilimtupia pete usoni ikamchana jicho. Lakini hata baada ya hapo nilikaa kimya, miezi mitatu, kwa hiyo sina la kujivunia juu yake.

Mkono wa mama ulipovunjika, na neno lako liliponifikia, nikaona kwamba damu hii haina mwisho, na kila tone lake linatoka kinywani mwangu.

Juzi, Jumamosi, nilimwambia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyanyua mkono wa plasta akanipiga nao sikioni, plasta ikaingia ufa, akapiga ukelele wa maumivu, tukaketi sakafuni wote wawili tukilia, yeye kwa mkono, mimi kwa sikio, na sote kwa ajili yako. Tangu hapo ananiwekea sahani yangu mezani bila neno.

Jana, baada ya misa, nilikwenda kwa Aniello. Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana sikukaribishwa. Liborio alinyanyua kiti. Bi Nunzia akamtangulia, akanizaba makofi mawili, akanishika nywele akanivuta mpaka magoti yakagusa sakafu. Sikujikinga. Aniello ndiye aliyesema aniache. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkono umefungwa kitambaa, umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

Nilitegemea anilaani. Aliniuliza, "Ile piza uliyokula, aliipika nani?"

Nikamwambia haikupikwa na mtu. Ilinunuliwa duka la mikate jana yake, ikapashwa moto.

"Ikapashwa moto," akasema. Akageuza uso dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Bi Nunzia akaenda kumfunika mgongo kwa shali, ingawa hakukuwa na baridi. Nilipokuwa natoka, Aniello alisema bila kunitazama kwamba kwake nimeshasema, sasa nikamwambie kaka yangu.

Leo mchana nilikwenda kwenye geti la uwanja wenu wa meli wakati wa chakula. Nilimwambia Totonno mbele ya wenzake wote, kwa sauti, nisije nikaambiwa nimenong'ona. Alitema mate karibu na kiatu changu. Akasema hawatamvunja mtu miguu kwa ajili ya uongo wa msichana, na kwamba Liborio atembee kwa amani. Waliobaki walirudi kwenye mikate yao. Kwa hiyo neno lako nimelirudisha mimi, bila ruhusa yako. Ukitaka kunikasirikia kwa hilo pia, liongeze kwenye mengine.

Kutoka pale nilipitia kwa wakili. Alinisikiliza huku amejishika kichwa. Anasema kitu pekee kilichokuwa kikikutetea ni kwamba ulimwona dada yako amelishwa sumu, na sasa nimekuondolea hicho. Anasema itakuwa miaka zaidi, labda miwili, labda mitatu. Alinishauri nifikiri tena. Nilimwambia andika jina langu, nitasimama mbele ya hakimu. Kwa hiyo, kaka yangu, ukweli wangu umekufunga kama uongo wangu ulivyokufunga. Sikupata njia nyingine. Mkono uliouunguza ulikuwa wa mtu asiye na kosa, na wewe ulikuwa na haki ya kuujua huo ukweli kabla hujahukumiwa.

Nitakuja Alhamisi, siku ya kuonana. Ukikataa kutoka, nitakuja Alhamisi itakayofuata. Msamaha sitakuomba kwenye karatasi. Nakuomba jambo moja tu: siku watakayokufungulia, usimpige tena mtu kwa ajili yangu. Nina mdomo, kaka. Ndio uliokula, ndio uliodanganya, na ndio utakaosema.

Mama anakusalimu, anasema ujifunike kifua na uwe unasali hata kama huamini. Sasà anakusalimu. Nisalimie na yule mzee wa chumbani kwako anayekukopesha miwani.

Wako wa tumbo moja,

Ersilia