Thelathini na Moja Yupo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu shusha pumzi, maana najua bahasha hii umeigeuza mara mbili ukijiuliza ni nani amefariki. Hajafa mtu. Huku sisi tu wazima. Wifi yako anaendelea na dawa zake za presha na kunipandishia mimi yangu, watoto wanakula kama shule itafunga jiko kesho. Vipi nyinyi? Magoti ya shemeji yamepoa? Na yule mpwa wangu mkubwa, bado anawatoa jasho walimu wa hesabu wenzangu? Mungu awaweke.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanimaliza kabla sijafika popote. Ukishasema "hebu sikiliza, mdogo wangu", mimi hurudi kuwa na miaka tisa na kaptula iliyochanika. Humu huwezi kunikatiza. Jumamosi umeitisha kikao cha familia, na ajenda yake tunaijua: Mama afunge nyumba yake ahamie kwako, kwa kuwa alipotea ugenini, na mtu anayepotea haachwi kuishi peke yake. Kabla hujapanga viti sebuleni, naomba usome jinsi alivyopotea. Umesikia kwa mwenyekiti wa wastaafu. Kwangu hujasikia.

Unakumbuka wauguzi wastaafu walipoalikwa na wenzao wa ng'ambo, na Mama akaniomba nimsindikize. Tulikuwa watu hamsini na wawili, na ukinitoa mimi, mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mwenyekiti wao ni yule mama mrefu ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Sindano, na mpaka leo akikutazama unajikuta unakunja mkono wa shati. Akatangaza kwamba kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu na nina simu kubwa, nitakuwa mshika kundi. Kazi yangu ni moja tu, asipotee mtu. Kichwa kikanivimba. Miaka ishirini na minne nafundisha, ndiyo kwanza napewa darasa lisilotoroka.

Nikabuni utaratibu wangu. Kila mtu namba, imeandikwa kwenye kadi ya manjano shingoni, na chini yake jina la chama na namba yangu ya simu. Bi Sindano moja, Mama thelathini na moja, mimi hamsini na mbili. Nikafungua kundi la wasapu. Kabla basi halijaondoka naandika "Hesabu", na kila mmoja anajibu kwa namba yake na neno "nipo". Zikitimia zote, dereva anaonyeshwa kidole gumba. Bi Sindano akaongeza lake: kinamama wote wafunge vilemba vya rangi ya machungwa, tuonekane hata toka angani. Nilijiona kama nimevumbua moto.

Kasoro ilikuwa thelathini na moja. Wewe unamjua Mama na simu. Huvaa miwani kwanza. Kisha huanza kusoma ujumbe wa alfajiri, mmoja mmoja, kama karani wa mahakama, na wa kumsalimia humsalimia. Wenzake hamsini na mmoja wameshajibu, injini inanguruma, yeye bado yuko kwenye picha ya chai ya mtu. Basi likaanza kumtania. Mzee mmoja wa nyuma, aliyewahi kuwa bwana meno, akawa anauliza kwa sauti kama thelathini na moja bado yuko leba, na mwingine anajibu kwamba njia haijafunguka. Mama, mkunga wa miaka thelathini, alicheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Masikio yaliniwaka kama mtoto ambaye mzazi wake amekuja shuleni na kandambili.

Kuanzia siku ya pili, thelathini na moja akawa anajibu upesi. Mara nyingine wa tano, mara nyingine wa tatu. Watu wakapiga makofi. Bi Sindano akasema kumbe hata mti mkavu hukunjika.

Siku ya nne tulikuwa tunahamia mji wa pili kwa treni ya saa nane na dakika arobaini mchana. Stesheni ile, dada, ina majukwaa kumi na manne na ngazi za umeme zinazopanda na kushuka, na watu wanatembea kama wote wamesikia nyumba zao zinaungua. Treni yetu husimama dakika sita tu. Nikawapandisha wazee wangu na masanduku yao, huyu kiuno, yule fimbo, nikaandika "Hesabu". Majibu yakamiminika. Hamsini na moja, nikahesabu tena, hamsini na mbili. Thelathini na moja nipo. Milango ikajifunga yenyewe.

Dakika ishirini baadaye nikampelekea Mama chupa ya maji kwenye behewa la pili, pale nilipokuwa nimekiona kilemba chake dirishani. Nikamgusa bega. Akageuka mama mwingine, namba kumi na tisa, akanishukuru kwa maji.

Nilipita mabehewa yote nikitazama kila kilemba, na kila kilemba kilikuwa cha rangi ya machungwa. Nikarudia. Nikagonga milango ya vyoo. Bi Sindano akanizuia njiani, akauliza kulikoni, nikamwambia. Akafungua kundi, akanionyesha kwa ukucha: thelathini na moja nipo, saa nane na dakika thelathini na saba. Akasema basi alipanda, akajibu, halafu akateremka mwenyewe bila kujua anachofanya. Akaangalia chini, akasema polepole kwamba ameuguza wengi wa namna hiyo. Wakampigia. Simu ya Mama ikaonekana kitini kwangu, inatetemeka. Wakaguna wote, kwamba hata simu ameisahau.

Niliteremka kituo kilichofuata, peke yangu, kundi likaendelea mbele. Nikarudi na treni ya upande wa pili, nimesimama mlangoni njia nzima kana kwamba nikisimama itakwenda mbio. Saa kumi na robo nilikuwa pale pale tulipoondokea. Jukwaa lilikuwa limejaa watu wengine kabisa.

Ofisa wa stesheni alikuwa mpole, lakini lugha hatukuwa nayo. Tuliongea kwa simu inayotafsiri na kwa mikono. Akataka namba ya simu ya aliyepotea. Nikamwonyesha simu yenyewe, iko mkononi mwangu. Akataka picha. Nikapekua, nikapata picha za kundi tu, kinamama arobaini na watatu wamekunja nyuso kwa jua, vilemba vimefanana. Akauliza yupi. Nikakodoa macho, dada, na kwa muda sikumwona mama yangu. Siku nne nilikuwa napiga picha za idadi.

Nikazunguka majukwaa kumi na manne kama pia. Mara ya kwanza nilikuwa natembea. Mara ya pili nilikuwa nakimbia na kuita "Mama!", na wanawake wa kila rangi wanageuka, maana neno hilo kumbe linasikika kila mahali. Mara ya tatu nilikuwa natazama chini kwenye reli. Nilitazama pia reli ya jukwaa la sita, ambako watu walikuwa wamekusanyika, na sitakuandikia nilichowaza mpaka nilipoona ni mkoba tu ulioanguka.

Saa kumi na mbili kasoro, nyuma ya stoo ya mizigo, nikaona mlango mdogo wenye msalaba wa kijani. Chumba cha huduma ya kwanza. Mama alikuwa ndani. Ameketi kwenye kiti cha chuma, amemshika kifundo cha mkono msichana mjamzito aliyelazwa, macho yake kwenye saa ya ukutani. Aliniona. Akainua kidole nisubiri, akamaliza kuhesabu mapigo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya zamu ya usiku, kwamba miguu ya binti imevimba na kichwa kinamuuma, apimwe presha sasa hivi, na mimi na hiyo simu yangu inayojua lugha nifanye kazi kidogo niwaambie wahudumu. Nikawaambia. Wakapima. Gari la wagonjwa likaitwa.

Mhudumu mmoja akanionyesha daftari lake. Mama alipoona treni imeondoka hakutangatanga. Alitafuta alama ya msalaba, akaingia, akawaonyesha kadi yake ya manjano. Wameipiga namba iliyo kwenye kadi mara kumi na moja. Ni namba yangu ya nyumbani, dada. Uwanja wa ndege tuliponunua laini za kule nikaibadilisha, nikasahau kwamba kadi zote hamsini na mbili zinaelekeza kwenye laini iliyolala ndani ya soksi sandukuni mwangu.

Hilo la laini ungeweza kunicheka nalo, na ningecheka. Lililobaki si la kucheka.

Mama alikuwa akiwaambia wajawazito wake kwamba mficha uchi hazai. Basi nazaa. Siku ya pili ya safari nilimwomba Mama simu yake, nikamwambia naitunza isije ikaibiwa. Sikumrudishia. Ilikaa mfuko wangu wa kushoto. Kila nilipoandika "Hesabu" kwa simu yangu, niliingiza mkono kwenye mfuko wa pili nikaandika "31 nipo" kwa yake, kwa sababu sikutaka tena kusikia habari za leba. Aliyepigiwa makofi ni mimi. Na siku ya nne, Mama alinigusa mkono jukwaani akaniambia anakwenda chooni, nimsubiri. Nikaitikia. Nakumbuka nilivyoitikia, "mm", macho kwenye kioo cha simu. Halafu nikaona kilemba dirishani, nikamjibia. Nikaifunga hesabu na mama yangu yuko chooni.

Simu haikuonekana kitini. Ilitetemeka mfukoni mwangu, nikaitoa nikaiweka pale huku nimewapa mgongo, kisha nikageuka nikashangaa pamoja nao.

Na kuna zaidi. Usiku ule tulipolifikia kundi, wote wakiwa ukumbini wanatusubiri, Bi Sindano alimuuliza Mama mbele ya watu, bila ubaya, ilikuwaje akajibu nipo kisha akateremka. Mama akanitazama. Hakunikazia macho. Alinipa nafasi, kama unavyompa mtoto nafasi ya kusema mwenyewe nani kavunja bilauri. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Mama akasema, "Uzee, mwenzangu, uzee," akaomba maji ya kunywa.

Hicho ndicho ulichosimuliwa, na hicho ndicho umekiitishia kikao.

Jumapili nilikwenda kwake. Ameshawagawia majirani vyungu vitatu vya maua na anafunga vyombo kwa magazeti. Nikamwambia nitakueleza ukweli. Akasema niache, wewe una haki ya kuwa na wasiwasi, na mimi nina wanafunzi wanaoniheshimu. Aliendelea kufunga vikombe. Anavipenda vile vikombe, unajua, na chumba chako cha nyuma hakina kabati.

Bi Sindano nimempigia jana. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nina dalili nyingine, nikasema ni hizo tu. Akasema atakuja Jumamosi kufuta kauli yake kwa mdomo wake, nami niwe nimekaa mbele. Nitakaa mbele. Barua hii isome kwa sauti kabla mtu yeyote hajasema, na usiruke pale pa mfukoni kwa kunionea huruma; najua utataka.

Na baada ya hapo, dada, kama bado moyo unakuambia ahame, muulize yeye. Mimi, wewe, shemeji, kaka mkubwa, sote tumeshatoa maoni. Nimeyapitia tena usiku kucha na sikuona mahali mtu alipomuuliza Mama anataka kuishi wapi. Muulize, halafu tukae kimya mpaka avae miwani.

Wifi yako anakusalimu sana. Yeye nimemwambia juzi, na tangu juzi chai najipikia. Msalimie shemeji, wabusu wapwa. Ukinikasirikia, na utanikasirikia, nakuomba ufanye hivyo uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu