Kikohozi cha Mzee Bahili

Jumanne, 8 Julai
Nimefua. Nimepepeta mtama. Saa kumi mazoezi, ukumbi wa kanisa. Sikuimba, nilikaa tu. Mchezo ni uleule: Mzee Bahili anaozesha binti na hataki wageni wachinjiwe hata kuku mmoja. Kila neno linaimbwa, hata kuomba chumvi. Tulianza na ngonjera za kwaya, sasa hakuna sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, hapa Mandewa bila sisi. Mzee Bahili alikuwa mume wangu, Simoni. Mimi mke wake jukwaani, na nyumbani pia. Tulimzika mwezi uliopita. Sisikii kitu moyoni.

Alhamisi, 10 Julai
Mama Upendo, kiongozi wetu, amepata wa kushika nafasi ya Simoni. Hamisi, mtani wetu. Yuleyule aliyeshuka kaburini siku ya mazishi na koti la marehemu, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Alimwigiza Simoni akilalamika jeneza ni kubwa mno, mbao zimeharibiwa bure. Waombolezaji walishika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani, hakasirikiwi. Nilimtazama kama ukuta.
Nimekubali kuimba naye. Tukiharibu sendofu ya Jumamosi ya wiki ijayo, watu watachukua spika na mshereheshaji, na kundi la Simoni litamfuata kaburini. Wifi anasema mjane kuchekesha watu ni aibu. Aseme.

Jumatatu, 14 Julai
Hamisi anatembea kama Simoni. Anapangusa paji la uso kama Simoni. Alipomaliza ubeti wa pili, akakohoa. Kile kikohozi kirefu cha kujikunja. Wenzetu wakainamisha vichwa. Yeye akadhani amepatia. Mwaka mzima alituona harusini, akaamini ni sehemu ya kichekesho. Watazamaji nao walicheka pale, na Simoni aliwaacha wacheke. Mimi nikaingia na mstari wangu kama kawaida.
Nina chuki. Sijui namchukia nani.

Jumatano, 16 Julai
Kakohoa tena. Nilimngoja mlangoni.
“Mtani, kile hakikuwa mchezo. Kilikuwa kifua chake.”
Akakaa kwenye ngazi. “Shemeji, mbona hamkuniambia?”
Nikamwambia akiondoe. Nikaenda nyumbani. Sikulia. Tangu msiba sijalia, na ukoo umeshaona.

Jumamosi, 19 Julai
Sendofu. Ukumbi umejaa. Hamisi alimaliza ubeti wa pili, safi, bila kukohoa. Zamu yangu. Sikuingia. Mpiga kinanda akarudia. Sikuingia. Nimesimama mdomo wazi, nangoja. Mwaka mzima nilikuwa naingia kwa kufuata kikohozi cha mume wangu, na sikujua.
Hapo ndipo Simoni alipokufa.
Nililia kwa sauti. Watu wakadhani mke wa bahili analilia kuku. Walicheka, wengine wakapiga vigelegele. Hamisi hakucheka. Alichukua mstari wangu, akauimba kwa sauti nyembamba ya kike, mpaka nikapata pumzi. Tukamaliza mchezo.

Jumapili, 20 Julai
Ibada. Nimechoka. Hamisi alipita kusalimia, akauliza kama akirudishe kikohozi. Nimesema hapana, nitajifunza kufuata kinanda. Mama Upendo anasema kuna harusi Kilimatinde. Nitakwenda.
Jioni wifi alinikuta jikoni nalia juu ya sufuria. Alichukua mwiko, akaendelea kusonga ugali.