Bénita, Je, Ulifika?

Ndosho, Goma
Tarehe 20 mwezi wa tano, 2025

Mpendwa mutoto wangu Bénita,

Yesu asifiwe. Ni mimi mujomba wako Laurent Twizeyimana. Ninakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe, ingawa kuna watu hapa Ndosho wanaosema masomo yangu yaliishia mwaka wa tano. Yaliishia mwaka wa sita. Habari za huko Ubelgiji? Mwili uko namna gani? Magoti je? Unakula ukashiba, ao wanakulisha makaroni kila siku? Tunasikia kwamba huko hata mwezi wa tano watu wanavaa makoti, tunakuonea huruma.

Sisi hapa tuko wazima kwa neema ya Mungu. Nyogokuru yako, mama yangu, macho yake yanaendelea kupungua, lakini ulimi haujapungua hata kidogo. Mama Léoncie muke wangu amepona kifua, ameanza tena kunigombeza, hiyo ndiyo dalili ya afya. Na mimi niko na nguvu zangu zote, kama siku ile kule Masisi nilipomushika dume la ng'ombe pembe, tukatazamana mpaka yeye ndiye akaona haya. Mvi zimeingia kidogo, lakini zinanipendeza.

Nyumba ni ile ile. Kitanda chako hatujakitoa. Mama Léoncie anakitandika kila siku ya posho, kesho yake ikiwa misa, halafu anakaa juu yake kidogo, na mimi ninajifanya ninatafuta nyundo. Chukudu yetu, na magurudumu yake mawili ya mbao, iko mahali pake karibu na mulango. Mushikio wa kushoto ulivunjika nikaweka muti mupya. Ule wa kuume ni ule ule uliokuwa unaushika wewe, umelainika kama sabuni.

Pengine unajiuliza kwa nini karatasi, wakati kila mutu leo yuko na simu. Namba yako haipite tena. Nimekuandikia humo mara nyingi, inabaki tiki moja tu. Nilianza kulaumu rezo ya simu, halafu nikajilaumu mimi. Ni mimi niliyeandika namba yako kwa chaki kwenye ukuta wa barabarani, pamoja na jina lako, ili waone kwamba sisemi uongo nikisema mutoto wangu anashindana kwa baiskeli Ulaya. Sikujua watakupigia. Nimesikia mmoja alikuomba viatu, mwingine viza, na hata koral ya vijana wa kanisa ilikuomba gitare. Nisamehe, mutoto wangu. Ukuta nimeusafisha kwa maji na mchanga. Mama Valérie wa parokia anakwenda huko kwa binti yake, anapitia Bunagana mpaka Entebbe, nampa barua hii. Ameapa atakutafuta hata kama ni kuuliza kanisa kwa kanisa.

Sasa nikuambie jambo lililonikalisha kwenye kiti hiki.

Mwisho wa mwezi wa ine, Fiston, yule fundi wa simu wa Birere, aliona jina lako kwenye orodha: Mahoro Bénita, mbio za wanawake, siku ya Mungu tarehe ine ya mwezi huu. Aliniletea habari na mimi nikaipeleka mpaka Sake. Nilitangaza kwamba wote watakuona, live, wakati ule ule unapokanyaga, si picha za kesho yake.

Shida ni kwamba abonema ya televizyo, ile ya kulipa kila mwezi, ilishakufa zamani. Ile sahani ya antene, Mama Léoncie aliiteremusha juu ya nyumba, siku hizi anakaushia samaki wa sambaza ndani yake. Na Papa Florent mwalimu, unamujua jirani yetu, hawezi kuacha mutu afurahi. Akaniambia mbele ya watu:

"Papa Laurent, utatuonyesha mbio ndani ya sahani ya samaki?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikamujibu kwamba teknolojia haiulize diploma. Lakini usiku ule sikulala.

Fiston ndiye aliyenifungua akili, ingawa hapa nawaambia watu kwamba niligundua mwenyewe. Kumbe wenye mashindano wao wenyewe wanayaonyesha bure kwenye intaneti! Hakuna abonema, hakuna dekoda, hakuna sahani. Unahitaji mega za intaneti za kutosha, simu nzuri, na kamba ya kuunganisha simu na ekran kubwa. Na unahitaji rezo ya nguvu, ndiyo maana tukafanyia kwake Birere, karibu na mupaka, mahali ambapo laini za simu za ng'ambo zinaingia bila kugonga hodi.

Nyogokuru akasema anakwenda. Nikamwambia, Mama, ni mbali, utaona nini na macho hayo? Akajibu, "Mimi sikuuliza macho yako." Akakataa moto ya kukodi, anasema pikipiki hizo zinakimbia kama zimeiba. Basi nikaweka godoro dogo juu ya chukudu, nikamukalisha, nikamufunga kwa kitenge chake, na nikamusukuma kutoka Ndosho mpaka Birere baada ya misa. Nilipita magari mawili. Sawa, moja lilikuwa limeharibika. Kwenye miteremko alikuwa ananipiga kichwani na rozari: "Breki, Laurent! Kisigino! Bénita alikuwa anakanyaga mapema kuliko wewe!"

Tulipofika, nyumba ya Fiston ilijaa mpaka kwenye madirisha. Alikuwa hajafika kutoka kanisani, lakini simu ilikuwa tayari, basi nikasema nitaanzisha mwenyewe. Nikafinya mahali palipoandikwa live. Mutoto wangu! Wakatoka wanawake ambao mavazi yao yalibaki nyumbani, na maandishi ya kuomba karata ya benki. Nikafinya kufunga, wakaongezeka. Mama Léoncie akavua kitenge cha juu akatupa juu ya ekran, na mashemasi wawili wakaanza kuangalia paa la nyumba kama walikuwa hawajawahi kuona mabati. Fiston akaingia, akasema, "Papa Laurent, ile ya kweli haikuombe karata." Akaandika jina lenyewe la mashindano, akafungua ukurasa wao, na Ubelgiji ikatokea: mvua, nyumba za matofali, na baiskeli nyingi kama nzige.

Nikasimama kuwaelekeza. Unakumbuka picha yako iliyo kwenye ukuta wa salon, ile uliyovaa shati la mbio, mayo ya kijani, mwaka ulipofika huko. Mimi naiona kila asubuhi nikinawa uso. Nikasema, "Tafuteni mayo ya kijani. Huyo njo wetu." Wote mnavaa kasike kichwani na miwani, sura hazionekane, miguu yote imejaa matope, hakuna mweusi hakuna mweupe. Na kweli, kijani akatokea. Wa mbele kabisa!

Bénita, Birere ilitetemeka. Wauza makala ya kupikia waliacha makala. Mimi nilikusifu kama tunavyosifu ng'ombe kwetu, majina marefu ya pumzi moja: Asiyechoka wa Kibumba, Binti wa Philomène dada yangu, Mukanyaga-mawingu. Niliwaeleza kwamba nilikufundisha mimi, kwamba ulipokuwa na miaka kumi na ine tulishuka kutoka Kibumba na mifuko sita ya shu, zile kabichi nzito, juu ya chukudu moja, tukapita kamio ya mizigo, shoferi akatupigia saluti. Hiyo ya saluti niliongeza. Mengine unajua ni kweli. Ulikuwa unapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, na kwenye muteremko kisigino cha kuume juu ya kipande cha pneu, mpira wa gari, kinachofinya gurudumu la nyuma. Watu walikuwa wanasema mutoto muke hasukume chukudu. Mimi nikawaambia chukudu haijui.

Nyogokuru tulimukalisha mbele, pua yake karibu iguse ekran. Wakati sisi tunapiga kelele, kamera ikaonyesha walio nyuma, wakianza kuteremuka kilima ndani ya mvua. Akanivuta mukono wa shati.

"Laurent. Ule wa nyuma, mwenye mayo nyeupe. Ni Bénita."

"Mama, wacha. Wetu yuko mbele, wa kijani."

"Angalia kisigino chake."

Sikuangalia. Nikwambie ukweli, sikuangalia kwa sababu watu walikuwa wananitazama mimi. Nyogokuru akaweka kidole chake juu ya kioo, juu ya yule mwenye mayo nyeupe, akamufuata nacho mpaka kamera ikarudi mbele.

Kijani akashinda. Wakaninyanyua juu, mimi na tumbo langu. Halafu mushindi akavua kasike, na nywele zikaanguka mpaka mabegani, za rangi ya ndevu za mahindi.

Hata moto za njiani ni kama zilizimika. Papa Florent akasema polepole, kama anasahihisha daftari:

"Papa Laurent, familia yenu imekuwa bazungu tangu lini?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mimi, Bénita! Watu bado wananipita njiani na kuniita Papa Kijani. Hilo nimelizoea, na hata nimeanza kulipenda kidogo. Lakini si aibu inayonisumbua.

Wakati wanacheka, ekran ikarudisha picha za kilima. Tukaona baiskeli zimeanguka kwenye muteremko ule ule, zimelala moja juu ya nyingine, na mayo nyeupe mbili ao tatu chini. Mmoja alikuwa ameketi katikati ya barabara akishika bega. Nilisogea ili nione uso. Hapo picha ikasimama, kale kaduara kakaanza kuzunguka, kanazunguka, kanazunguka. Mega ziliisha. Fiston alikimbia kutafuta nyingine, aliporudi mbio zilikuwa zimefungwa, wanaonyesha tangazo la jibini. Kwenye matokeo waliandika thelathini wa kwanza tu. Jina lako halimo.

Nyogokuru alikuwa bado na kidole juu ya kioo. Akaniuliza, "Amefika?"

Nikasema, "Amefika, Mama. Nimemuona."

Mutoto wangu, unanijua. Nimesema uongo mwingi maishani, na mwingi ulikuwa muzuri. Nilisema nilivuka ziwa kwa mulango wa nyumba. Nilisema simba alinikimbia huko Rwindi. Hakuna hata mmoja ulionizuia kula. Lakini huu wa neno moja umenikaa kooni kama mufupa wa samaki. Maana kila jioni ananiambia nimusimulie tena, na mimi ninaongeza. Sasa umefika ukiinua mukono. Sasa umekunywa maji, umecheka, umefuta matope. Kila ninapoipamba, ninaona lile bega limeshikwa, na ninatoka nje kuangalia chukudu kama kwamba ina habari.

Ni siku kumi na sita leo. Nimejifunza mambo mengi katika siku hizo. Nimejua kwamba ile picha kwenye ukuta ina miaka ine, na kwamba mutu anaweza kuvaa nguo nyingine na kukata nywele na kuwa mutu mukubwa wakati mujomba wake anaendelea kunawia uso mbele ya picha. Sikujua hata rangi ya timu yako. Fiston alinionyesha baadaye: nyeupe. Na akanieleza kwamba wewe si wa kushinda, wewe ni wa kubebea wenzako maji. Hilo sikuona haya kulisikia. Watu wa familia yetu wamebeba siku zote.

Kila siku ya Mungu sasa tunarudi kwa Fiston, mimi na Nyogokuru, hata kama hatujui kama unashindana. Tunafungua mbio zozote za wanawake, zozote za bure. Anaweka pua kwenye kioo na kuangalia visigino vya watoto wa watu. Halafu ananiambia, "Hayumo, turudi." Na kurudi ni kupanda, na anazidi kuwa mwepesi, Bénita. Hilo ndilo linaloniogopesha. Zamani alikuwa muzigo.

Kwa hiyo sikuombi ushindi, sikuombi kitu cha kutumwa. Muandikie Mama Valérie neno moja, ao mupe namba yako, sitaiandika popote, naapa kwa kaburi la mama yako. Sema kama ulifika, ao kama ulianguka, na kama ni bega lako, ni la kuume ao la kushoto. Ukweli wowote ule nitaubeba. Na siku utakaposhindana tena, kwenye muteremko, teremusha kile kisigino. Najua kwenye baiskeli ya huko hakifungi kitu. Najua makocha wako pengine wanakukataza. Teremusha mara moja tu.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha pneu. Usikitupe, si uchafu. Ni breki ya chukudu yetu, ile ile yako, angalia ilivyolika upande mmoja. Nyogokuru ndiye aliyeikata kwa kisu na kuniambia nikutumie. Mimi sasa nabreki na kiatu changu.

Mama Léoncie anakusalimia, anasema ukioga ufunike kifua. Fiston anakusalimia. Papa Florent naye anakusalimia, na alikuwa anataka kusahihisha barua hii, nikamukatalia. Usali kwa ajili yetu, sisi tunasali kwa ajili yako. Mungu akutangulie kwenye kila kona, na pale ambapo mvua imelainisha njia, akushike kiti kwa nyuma kama nilivyokuwa ninakushika.

Nilikuwa nimefika hapa jana jioni, nikidhani Nyogokuru amesinzia kwenye kiti chake. Hakugeuza uso. Akasema tu:

"Laurent, usisahau kumuuliza kama alifika."

Wako akupendaye, anayekungoja karibu na mulango,

Mujomba Laurent