Kinachogonga Kinamasini

Mpendwa mshauri Bi Odile, naomba msaada wako. Mimi ni mmoja wa watu wanne tunaomtafuta yule ndege kigong'ota mkubwa mwenye mdomo mweupe, wataalamu wanasema ametoweka lakini sisi tunaamini bado yumo humu kinamasini kwetu, na njia yetu ya kumwita ni kugonga shina kwa kibao, kila mmoja ana chake, ko-ko, mara mbili upesi kama anavyogonga yeye, halafu tunanyamaza kusubiri, na miaka yote hatujawahi kujibiwa. Jumamosi mwenzetu Verlon aligombana na Clovis, kiongozi wetu, akapanda mtumbwi wake akaenda zake peke yake, na hakurudi, Clovis akasema, "Mwacheni, kashanuna huyo, yuko kwa bintiye anakula mchuzi wake wa gumbo." Kesho yake asubuhi tukagonga, na Bi Odile, tukajibiwa. Ko-ko. Kutoka ndani kabisa, kule maji yaliko meusi na hata vyura hawalii.

Tulikumbatiana tukilia, tukaapa kutomwambia mtu, maana habari ikivuja watakuja watu na boti za injini na ndege atahama, na sisi wenyewe hatumsogelei, ndiyo sheria yetu, asije akaruka. Tangu hapo tunagonga kila asubuhi na tunajibiwa, kutoka palepale, ila sauti inazidi kufifia. Jana wenzangu walipokwenda kunywa kahawa nilibaki nyuma, nikaita, huku najionea aibu, "Verlon, kama ni wewe, gonga mara tatu." Kimya. Halafu ko, ko, ko.

Kigong'ota huyu hagongi mara tatu. Nilipomwambia Clovis alicheka. "Dada Eulalie, huo mwangwi tu, kalale! Na ukimleta sherifu na polisi wake humu, mimi na wewe basi." Sasa hata nyumbani nasikia ukuta unagongwa. Je, nivunje kiapo, au masikio yangu yameharibika?

Eulalie, Louisiana

Eulalie,

Masikio yako ni mazima. Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake. Niliisoma nimesimama jikoni, na kahawa haijachemka nilikuwa nimeshampigia sherifu. Pole, najua kutafuta kitu miaka yote hiyo kunavyomfanya mtu asisikie kingine. Lakini mwanamke mzima, unamuuliza mtu kama ni yeye, anakujibu, halafu unakaa chini kuniandikia mimi?

Wamempata, na yu hai. Mti ulimwangukia miguuni, sauti ikamkauka kwa kupiga kelele, akabaki na kile kibao chake. Nimeongea na muuguzi wake. Anasema Verlon hakukata tamaa, kwa kuwa kila asubuhi alisikia mkimgongea, akajua wenzake wako njiani.

Sasa nisikilize. Clovis mwache na hasira zake. Mliapa kumficha ndege, hamkuapa kumzika mtu. Kinamasini usikanyage kwanza. Maua usinunue, kadi usiandike. Nenda hospitali leo hii, mikono mitupu, vuta kiti ukae karibu naye. Verlon bado anawashukuru ninyi watatu, anadhani mlikuwa mkimtafuta mkashindwa njia. Muuguzi niliyemwambia ukweli hakuwa na moyo wa kumweleza. Mweleze wewe.