Uso Mmoja Ndani ya Moshi

Mume wangu mdogo Baraka,

Huku Shively sote wazima, ila goti langu linagombana na ngazi. Natumaini theluji ya Buffalo imekuachia hata njia ya kwenda darasani.

Umeuliza kwa nini video yetu ya zamani ni moshi mtupu, halafu ghafla unatokea uso mmoja.

Tulikuwa bendi ya watu watano mjini Columbus, huku huku Marekani, wote weusi, na televisheni ya muziki ndiyo kwanza imeanza. Bila kuonekana humo, hujulikani. Siku moja nilihesabu nyimbo thelathini, nikaona mweusi mmoja, naye anapita nyuma na tarumbeta. Mpiga picha akatushauri: "Tuwafiche kwenye moshi, labda wenye televisheni watawapokea." Mimi ndiye niliyekubali.

Nakumbuka weupe ule ukipanda taratibu, mikono yangu ikielea kama ya mtu mwingine, sauti ikitoka pasipo na mtu. Ilipendeza, na hilo ndilo linaloniuma. Ndipo mpinzani wako, babu yako, akaacha ngoma zake, akatembea hadi mbele ya kamera.

"Rudi, utatuharibia!" nikamfokea.

"Mke wangu, sikuvuka bahari nije kuwa moshi."

Kanda ikarudishwa, eti muziki wetu hauwafai watazamaji wao. Nilimnunia wiki tatu.

Leo nimeitazama tena. Wimbo una dakika nne, na mtu yumo kwa sekunde sita tu. Hizo sita ndizo ninazozirudia.

Bibi yako, yule wa kushoto usiyemwona.