Chiriku Afumba Macho

4 Machi

Chiriku,

Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu, hupokei. Bibi yako umemgeuza mdai? Basi nimenunua karatasi, na mwandiko wangu usiucheke. Shule niliacha darasa la tatu, kusema sikuacha.

Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Kazi ni ile ile, shuka za nyumba ya wageni, nazipiga pasi tangu asubuhi. Wewe hujambo? Unakula?

Sasa nijibu hili. Shangazi yako alipita kwako wiki iliyopita, amerudi midomo imemkauka. Anasema alikukuta sakafuni, miguu umekunja, macho umefumba. Akakuita, kimya. Akakohoa, kimya. Akaangusha sufuria, kwa makusudi, namjua, ndipo ukafumbua jicho moja ukamwambia, "Shangazi, subiri kidogo." Mtu mzima aliyeshinda kwenye basi siku nzima anaambiwa asubiri, na wewe umekaa kama kuku anayeatamia.

Shangazi anasema ni mwanamume. Mjomba wako anasema ni dini mpya. Mimi nasema ni uvivu, lakini nataka kujua: ukifumba macho hivyo, unaangalia nini? Na kuna anayekulipa? Andika.

Bibi yako

15 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, begi bado begani. Nyumbani hamjambo? Mgongo ukandwe na maji ya moto, usiuonee.

Nisamehe kwa simu. Kazini nashinda na hedifoni kichwani, nasikiliza watu wanaotukana kwa sababu maji yao hayatoki. Nikirudi nyumbani simu ikilia, mwili mzima unashtuka. Si wewe Bibi, ni ule mlio.

Si mwanamume wala si dini. Kunaitwa kutafakari. Mwaka jana nilikuwa silali, kichwa kinagonga, meno nayasaga usingizini. Daktari akanipima presha, akaikuta juu, akanipa vidonge. Halafu mwenzangu wa meza ya jirani akanifundisha: kaa, fumba macho, ifuate pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo likija usigombane nalo, rudi kwenye pumzi. Basi. Siku za mwanzo nilikuwa nakasirika tu. Sasa nalala, kichwa kimetulia, na mteja akinitukana navuta pumzi kabla ya kumjibu. Nimekuwa mzima hata vidonge nimeviweka kando.

Shangazi mwombe radhi kwa niaba yangu. Na mwambie sufuria imebonyea.

Mjukuu wako,
Chiriku

28 Machi

Chiriku,

Marahaba. Umeviweka kando kwa amri ya nani? Babu yako naye alijiona mzima. Asubuhi ile alikuwa anapiga mluzi akitafuta kiatu cha pili, na kabla hajakipata, upande mmoja wote ukamwisha nguvu. Mluzi ule hatukuusikia tena. Mimi vya kwangu nameza kila siku, sina hamu navyo, nameza. Na wewe meza.

Hilo nimemaliza. Sasa maswali.

Nimejaribu huko kukaa kwako. Kwenye kiti, maana nikikaa sakafuni ataninyanyua nani? Pumzi ya kwanza nimeiona, ya pili nimeiona, ya tatu nikajikuta kwa yule mwanamke wa mtaa wa pili aliyekataa kurudisha beseni langu, namwambia yote niliyomwekea moyoni. Nikarudi. Pua ikaniwasha. Kujikuna kunaruhusiwa? Halafu nikalala, nikaamshwa na koromo langu mwenyewe. Na hiyo nayo inahesabika? Na mbona ukikaa kimya saa ya ukutani inaanza kupiga kelele, wakati siku zote ilikuwa kimya?

Jibu upesi. Nimeuliza kwa kutaka kujua, si kwa kukupenda.

Bibi yako

6 Aprili

Shikamoo Bibi,

Natumaini mgongo umepoa. Kujikuna ruhusa, ila kwanza utazame huo mwasho unavyofanya. Mara nyingi huondoka wenyewe. Kulala si kosa, ni uchovu. Saa ilikuwa inalia siku zote Bibi, wewe ndiye hukuwepo.

Habari ya vidonge tusiizungumze tena. Najisikia vizuri.

Mjukuu wako,
Chiriku

19 Mei

Chiriku,

Nimekuletea barua mbili, hujibu. Huko si kutafakari, huko ni kununa. U mzima lakini? Mimi sijambo, na usingizi sasa naupata mpaka alfajiri.

Nimefanya jambo. Nilikwenda zahanati nikamwambia muuguzi anipime. Akapima, akakunja uso. Nikamwambia ngoja. Nikakaa kwenye benchi, nikafumba macho, nikaifuata pumzi, foleni nzima inanitazama. Mzee mmoja akauliza kama nimezimia, nikamwambia nyamaza, nina kazi. Nikarudi, akanipima tena. Imeshuka. Kidogo, lakini imeshuka kweli, na mimi nikajiona kama nimeshinda kesi. Nikamuuliza, basi vidonge nitupe? Akasema, "Mama, endelea kukaa hivyo, kunakusaidia. Na vidonge endelea kumeza. Kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake." Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, nikidhani atateleza. Hakuteleza.

Jana nimekaa, na badala ya beseni ukanijia wewe. Ulikuwa mdogo, unameza dawa chungu bila maji, halafu unanitolea ulimi nione umemaliza. Wewe hujawahi kuogopa dawa. Kwa hiyo sikuulizi tena akili umeziacha wapi. Nauliza hivi: hivyo vidonge vinakufanya nini?

Bibi yako

30 Mei

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Mimi si mzima sana, na nimelia kidogo kabla ya kushika kalamu.

Vinanipeleka chooni, Bibi. Mara kwa mara. Kazini ukiinuka kitini taa nyekundu inawaka juu ya meza yako, na msimamizi anaiona. Siku moja alisimama katikati ya ukumbi akaniuliza mbele ya wote, "Wewe tumekuajiri kupokea simu au kulinda choo?" Wakacheka. Tangu siku ile sijameza. Kukaa kimya hakuwashi taa.

Juzi ukungu ulinijia machoni nikiwa na mteja kwenye simu. Nikaifuata pumzi, ukungu ukaondoka. Lakini naogopa. Sijapima tangu mwaka jana.

Mjukuu wako,
Chiriku

3 Juni

Chiriku,

Barua hii anakuletea shangazi yako mkononi, kwa basi la usiku, na nimemwambia asiondoke.

Nimepiga simu. Si kwako, wewe hupokei. Nimepiga namba ile ya malalamiko, ya kazini kwenu. Wakaniwekea muziki. Zamani ningewatukana mpaka muziki wenyewe uone haya. Nikakaa kitini, nikafumba macho, nikaifuata pumzi, muziki ukaisha, nikaomba msimamizi. Akaja na sauti ya asali. Nikamtajia wewe ni nani na mimi ni nani, nikamuuliza, "Baba, wewe huendi chooni?"

Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze, maana siku hizi kimya hakinisumbui. Mwishoni akasema ulete barua ya daktari, hiyo taa yako haitahesabiwa. Akauliza kama kuna lingine anisaidie. Nikamwambia lipo: mjukuu wangu aombwe radhi palepale ukumbini alipochekwa. Amesema atalifikiria. Mimi nitapiga tena, namba ninayo.

Sasa vaa viatu. Unakwenda na shangazi yako kupimwa leo hii, kazi itakusubiri. Daktari mwambie habari ya choo bila haya, na ya ukungu wa macho usiifiche. Kama dawa ni ya kubadilisha, au saa ya kumeza, aseme yeye, usijiamulie. Barua ya kumpelekea msimamizi uiombe kabla hujatoka chumbani kwa daktari. Kwenye foleni fumba macho, ifuate pumzi yako, na shangazi akikuita mwache asubiri.

Jioni nitapiga simu. Ikilia, vuta pumzi moja, halafu upokee.

Bibi yako