Massoudi na Serie ya Mama

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Massoudi tena! Mutu mzima anashika mikro, anaongea juu ya sauti ya katuni za Wajapani, anajirekodi, eti anatafsiri. Kijapani amejifunzia wapi, hapa hapa Buyenzi? Na Mama anameza kila neno. Leo ananiambia yule kaka mkubwa wa kwenye serie yake, aliyeenda vitani, yuko salama, yuko ng'ambo, anajipanga kurudi. Massoudi amesema. Lakini kwenye picha mdogo wake analia mbele ya kaburi! Eti kaburi la babu yao. Nikacheka. Mama akakasirika: mi na shule zangu najifanya najua kila kitu.

Najua, ndiyo. Massoudi ni muongo, tena mwizi — filamu zote anazouza kwenye flash, nani alimpa ruhusa? Mi nasoma droit, sheria yenyewe. Nitaitafuta hiyo serie kwa njia halali, Mama ajionee mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Tovuti ya kwanza: haipatikani katika nchi yako. Ya pili vilevile. Ya tatu inataka kadi ya benki, halafu uchague nchi. Bulgaria iko, Burkina Faso iko, kisha moja kwa moja Kambodia. Nchi yetu imerukwa, sisi hatupo duniani! Nikamuuliza Eddy, tunasoma naye fac, mtoto wa Kinindo kwa matajiri, Wi-Fi mpaka chooni. Akasema si nidownload tu kama watu wote. Huyo ndiye atakuwa jaji. Tumekwisha.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata! Walioitengeneza wameiweka wenyewe kwenye chaneli yao, bure, na huku inafunguka, na maandishi ya Kifaransa chini. Wajinga wote hawa wanaiba kitu cha bure!

Na kaka mtu alikufa. Sehemu ya sita. Hakuna ng'ambo, hakuna babu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Massoudi. Hata aibu hana. Anasema anajua, Kifaransa anasoma. Ila Mama kila akija anauliza habari za yule kaka, na yeye akamfikiria Uthmani wetu, akabadilisha. Nikamwambia ya Uthmani hayamhusu. Kaka yangu yuko Oman, simu imezimwa tangu Ramadhani, halafu huyu wa mikro ndiye wa kutuliza nyumba yetu? Kiburi gani hicho!

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya alasiri nikamketisha Mama mbele ya kompyuta. Akavaa miwani. Akasema haya, msomi, soma, na usinidanganye. Sehemu ya tano nikamsomea neno kwa neno. Akanisifu! Akasema Massoudi kumbe anaruka mengi. Nilifurahi, wallahi.

Ya sita. Askari wawili wamefika mlangoni, wamevua kofia. Mmoja anaongea. Mama ameshika mkono wangu: huyo askari anasema nini? Habari za mtoto?

Nimesimamisha. Nimesema chai inamwagika. Chai gani! Niko jikoni, naandika nimesimama.

Anaita. Naam, Mama, nakuja.

Nimemtumia Massoudi ujumbe: sehemu ya sita, wale askari, ulimwambia Mama wanasema nini? Niandikie yote, tafadhali.

Ameuona. Anaandika. Ameacha.

Anaandika tena — na Mama huyu hapa mlangoni, miwani mkononi.